Kutoka Kolwezi hadi Taj Mahal: namna ya kuchagua hoteli ukiwa na mgonjwa

KOLWEZI – Mtu wa hapa kwetu akisema anakwenda India, hakuna anayemuuliza kama anakwenda kutembea. Wanamuuliza nani anaumwa. Ni miaka mingi sasa familia za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi zinachangishana pesa, zinauza kiwanja, zinachukua zamu ya likelemba kabla ya wakati wake, ili kupeleka mgonjwa Delhi, Mumbai au Chennai. Wengine wanakwenda kwa moyo, wengine kwa figo, mgongo au saratani. Njia inajulikana: kilomita 300 hivi za barabara hadi Lubumbashi katikati ya malori ya shaba, ndege ya Ethiopian Airlines hadi Addis Ababa, kisha ndege ya pili usiku.

Kuna sehemu moja ya safari hiyo ambayo watu hawaisimulii sana wakirudi, labda kwa haya. Ni zile siku za kungoja. Mgonjwa amepasuliwa, ametoka hospitali, lakini daktari anataka amwone tena baada ya wiki moja au mbili kabla ya kumruhusu apande ndege. Mnakaa katika chumba cha kupanga karibu na hospitali, mnahesabu rupia, mnapika wali, mnaangalia ukuta. Na kilomita mia mbili na kitu kutoka hapo kuna mji wa Agra, na Agra kuna Taj Mahal.

Mimi nilikuwa katika siku hizo mwezi wa kwanza, nikimsindikiza yaya wangu mkubwa aliyebadilishiwa vali ya moyo mwezi wa 12. Yaya ni mjane, anauza unga na makayabu sokoni. Nyumbani kwetu papa, mfanyakazi wa Gécamines, alikuwa ametundika salon kalenda ya duka moja la Likasi yenye picha ya Taj Mahal. Mwaka wa kalenda ulikwisha, picha ikabaki ukutani tukakua nayo. Kwa hiyo siku daktari aliposema anaweza kusafiri kidogo, bila kubeba mzigo na bila kupanda ngazi nyingi, yaya hakuzunguka: alitaka kuliona lile kaburi jeupe la kalenda ya papa.

Ndiyo, ni kaburi. Wengi wetu tunadhani ni jumba la mfalme au msikiti. Mfalme Shah Jahan, wa ukoo wa Wamogoli waliotawala India, alilijenga kwa ajili ya mke wake Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631 akizaa mtoto wa 14. Kazi ilianza mwaka 1632 na jengo lote na bustani zake zilichukua kama miaka 20. Marumaru yake nyeupe ilitoka Makrana, katika Rajasthan. Nilipomweleza yaya habari ya mtoto wa 14, alinyamaza. Yeye amezaa sita, na kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa kila mmoja ana jina la mtu aliyekwenda kujifungua na hakurudi.

Kazi ya kutafuta hoteli ilikuwa yangu. Nilijiona najua, kwa sababu ni mwandishi wa habari na nimelala katika hoteli nyingi za Kolwezi, Fungurume na Likasi kwa ajili ya kazi. Lakini hoteli za kwetu zimezaliwa na migodi. Mwenye hoteli anafikiria fundi wa kampuni anayelipiwa na mwajiri: gurupu la umeme, mlinzi mlangoni, maegesho ya gari la 4x4, bei kwa dola. Unachagua kwa kumpigia rafiki simu. Agra ni mji unaoishi kwa wageni wanaokuja kuona jengo moja tu, na karibu kila nyumba ya kulala inajiuza kwa jengo hilo.

Nilikuta kwenye simu aina wanayoiita “boutique”. Yaya aliposikia alishangaa: tutalala ndani ya butiki, katikati ya sabuni na sukari? Nilimweleza kwamba ni hoteli ndogo, vyumba vichache, mara nyingi nyumba ya zamani iliyotengenezwa vizuri, mwenyewe anakujua kwa jina. Kwa mtu aliyetoka hospitali wazo hilo ni zuri. Hoteli kubwa za barabara ya Fatehabad zina starehe lakini ziko mbali kidogo na zina makundi ya mabasi. Ile ya kifahari kabisa, Oberoi Amarvilas, iko mita 600 hivi kutoka Taj na kila chumba kinaliangalia kaburi, ila usiku mmoja pale unalipwa kwa mamia ya dola. Tulibaki na hoteli ndogo za Taj Ganj, mtaa wa vichochoro upande wa kusini wa Taj, ulioanza na soko na nyumba za wageni zama zile zile kaburi lilipojengwa.

Nikachagua moja kwa picha. Paa, meza mbili, chai, na nyuma yake Taj Mahal kubwa kama mlima. Waliandika “mita 300 kutoka Taj”. Rupia 2,800 kwa usiku, kama dola 33, nikalipa mbele.

Tulipanda treni ya Gatimaan siku ya Alhamisi. Inatoka kituo cha Hazrat Nizamuddin, Delhi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, na siku isiyo na ukungu inafika Agra Cantt karibu saa nne. Inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Anayejua treni yetu ya kutoka Kolwezi kwenda Likasi aelewe kwamba yaya alishika kiti kwa mikono miwili dakika kumi za kwanza.

Kwenye mapokezi kijana alichukua paspoti zetu, akaona rangi yake, akaita mkubwa wake. Mkubwa akasema kwa upole kwamba hawapokei wageni wa nje. Nilidhani ni rangi ya ngozi, na sitasema kwamba jambo hilo halipo. Ila kuna sababu nyingine ambayo kila Mkongomani anayekwenda India anapaswa kuijua kabla ya kulipa. Sheria ya India inadai kila nyumba inayolaza mgeni wa kigeni imtangaze kwa serikali ndani ya saa 24, kwa fomu ambayo wengi wanaijua kama Fomu C. Hoteli ndogo nyingi hazijajiandikisha kwa kazi hiyo, au hazitaki usumbufu wake. Tovuti za kuhifadhi vyumba zinachukua pesa yako bila kukuuliza wewe ni raia wa wapi. Pesa yangu haikurudi. Yaya alikuwa amekaa juu ya sanduku mlangoni, koti limefungwa hadi shingoni, na mimi nilikuwa na aibu ambayo bado naikumbuka.

Tangu siku hiyo, ndugu wakinipigia simu kuniuliza, swali la kwanza ninalowapa ni hilo. Mwandikie mwenye hoteli ujumbe, si tovuti: sisi ni Wakongomani wawili, tuna visa ya matibabu na visa ya msindikizaji, je, mnapokea wageni na mnajaza Fomu C? Ngoja jibu la ndiyo kwa maandishi. Asipojibu kwa siku moja, amejibu. Na tembea na nakala za paspoti, visa na barua ya hospitali kwenye mfuko wa karibu. Kadi ya njano ya chanjo iweke pamoja nazo, maana India inaidai kwa anayetoka kwetu.

Dereva wa bajaji, ile pikipiki ya magurudumu matatu, alitaka kutupeleka kwa “kaka yake” mwenye hoteli. Karibu na kituo na karibu na Taj madereva wengi wanalipwa kamisheni na hoteli na maduka, na chumba unachopelekwa kinabeba kamisheni hiyo ndani ya bei. Watakwambia hoteli yako imefungwa, imeungua, ina panya. Nilikataa, tukaingia kwenye kahawa, nikaomba intaneti na kuanza upya, safari hii kwa akili ya mwandishi wa habari badala ya akili ya mtalii.

Nilianza na ramani. Zile “mita 300” zilikuwa za kweli, lakini zilipimwa hadi mlango wa kusini wa Taj. Mlango huo siku hizi ni wa kutokea tu. Wageni wanaingia kwa mlango wa mashariki au wa magharibi, na kwa upande wa mashariki ofisi ya tiketi, panapoitwa Shilpgram, iko karibu kilomita moja kabla ya mlango. Magari ya mafuta hayaruhusiwi ndani ya mita 500 kuzunguka Taj. Mtu mzima anatembea au anapanda kigari cha umeme. Mgonjwa anahesabu kila hatua. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: kutoka mlangoni kwenu hadi mlango wa mashariki au wa magharibi ni dakika ngapi kwa miguu, na kigari cha umeme kinafika wapi?

Halafu paa. Karibu kila nyumba ya Taj Ganj ina paa la kuonea Taj, na picha zake zinapigwa kwa lenzi ya kuvuta. Angalia picha za waliolala, si za mwenye nyumba. Na uulize ngazi. Ile hoteli iliyotukataa, nilikuja kujua, paa lake lilikuwa ghorofa ya nne bila lifti, na ngazi zake zilikuwa nyembamba na kali. Mungu alimwonea huruma yaya kupitia Fomu C. Nyumba za zamani ni nzuri kwa macho, lakini wajenzi wake hawakuwafikiria watu wenye vali mpya.

Saa nane mchana tulipata hoteli ya vyumba tisa, pembeni ya Taj Ganj kwa upande wa mashariki. Haina paa la kusifia. Ina ua wenye mlimao, chumba chini bila ngazi, maji ya moto kweli (niliyafungua mwenyewe kabla ya kulipa) na kipasha joto cha umeme. Jambo hilo la mwisho wengi wetu tunalisahau. Tunafikiri India ni joto. Mwezi wa 5 na wa 6 Agra inapita nyuzi 40, lakini mwezi wa 12 na wa kwanza usiku unaweza kushuka hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri, na nyumba za marumaru na saruji zinatunza baridi kama friji. Uliza pia kama umeme ukikatika wana gurupu. Sisi wa delestaji hatuhitaji kuelezwa kwa nini.

Mama mwenye nyumba alijaza Fomu C mbele yetu, akatupiga picha, akarudisha paspoti. Kisha akauliza tunakwenda Taj siku gani. Nikasema kesho alfajiri. Akacheka kidogo, akatuangalia, akaacha kucheka. Kesho ilikuwa Ijumaa. Taj Mahal linafungwa kwa wageni kila Ijumaa, kwa sababu ndani ya uwanja wake kuna msikiti na watu wa Agra wanakuja kusali. Hata treni ya Gatimaan haisafiri Ijumaa. Nilikuwa nimesoma mengi juu ya wafalme na sikusoma mstari huo.

Hivyo tukalala siku mbili badala ya moja, na hesabu ikavurugika. Usiku ule tulizungumza na yaya kuhusu kurudi Delhi bila kuona kitu. Pesa iliyobaki ilikuwa ya dawa na ya basi la Lubumbashi–Kolwezi. Yeye ndiye aliyeamua. Alisema dola za kaburi atazikata kwenye chakula, na kweli Ijumaa nzima tulikula chapati na dengu. Nyama haikuwepo hata hivyo. Nyumba nyingi ndogo za huko hazipiki nyama wala mayai, na mwenye hamu ya bukari na samaki ajiandae kuvumilia.

Kuhusu pesa, neno moja kwa Wakolwezi. Kwetu dola ni pesa ya sokoni, na noti yenye kichaniko kidogo inakataliwa hata na muuza nyanya. Kule dola ni karatasi ya kupeleka benki au kwa mbadilishaji mwenye leseni. Wahindi wenyewe wanalipa kila kitu kwa simu, hadi chai ya barabarani, lakini mfumo wao kwa kawaida unadai akaunti ya benki ambayo wageni wengi hawana. Badilisha Delhi, beba rupia, uombe noti ndogo. Uliza pia kama bei ya chumba ni pamoja na kodi. Mara nyingi kodi inakuja asubuhi ya kuondoka.

Kifaransa hakikutusaidia kitu. Kiswahili kilitusaidia zaidi, na hilo lilimfurahisha yaya kuliko yote. Mama mwenye nyumba alisema Kihindi na msichana wa jikoni, yaya akasikia kitabu, hesabu, duka, rangi, sabuni, chai, gari, dunia, karibu vile vile kama kwetu. Kaburi wanasema kabr. Ni Uarabu na Uajemi na biashara ya bahari vilivyotupa sote maneno hayo, yakafika hadi Katanga kwa miguu ya misafara. Yaya alianza kumfundisha msichana yule kuhesabu.

Jumamosi niliamka saa kumi na moja na nusu. Ukungu. Mlimao wa uani haukuonekana. Tiketi ya mgeni ni rupia 1,100, na 200 zaidi kama unataka kuingia kwenye kaburi lenyewe, jumla kama dola 15 kwa mtu. Watoto chini ya miaka 15 hawalipi. Tiketi inakupa saa tatu tu ndani. Vitabu vyote vya utalii vinashauri kuingia jua linapochomoza. Ushauri huo ni wa mwezi wa 10 au wa 2 na wa 3. Mwezi wa kwanza unaweza kutumia saa zako tatu ukiangalia maziwa. Mama mwenye nyumba alituzuia kwa mikono. Tulikunywa chai hadi saa nne, alipoingia mtoto wake kusema kuba limetoka. Faida ya hoteli ndogo ndiyo hiyo, na hakuna picha inayoweza kukuonyesha: mtu anayejali kama dola zako 15 zitapotea.

Kigari cha umeme kilitufikisha karibu na mlango. Askari walipekua mifuko. Chakula hakiingii, mizigo mikubwa haiingii. Mlangoni tuliuliza kiti cha magurudumu, tukapewa. Nilimsukuma yaya chini ya lango kubwa la mawe mekundu, na upande wa pili lilikuwa pale, jeupe, likipanda kutoka kwenye ukungu wa chini kana kwamba halina msingi. Urefu wake ni kama mita 73. Yaya aliomba asimame. Alisimama muda mrefu kwa miguu yake na sikumharakisha.

Ndani, makaburi mawili yanaonekana: la Mumtaz katikati kabisa, na la mume wake pembeni, likivunja ulinganifu wote wa jengo, kwa sababu aliongezwa baadaye. Mtoto wake Aurangzeb alimnyang'anya ufalme na kumfungia katika ngome ya Agra, ng'ambo ya mpindo wa mto Yamuna, na huko alikufa mwaka 1666. Yaya alitaka kujua kama kutoka ngome ile aliweza kuliona kaburi. Aliweza.

Jambo moja lilinikaa kichwani kama mtu wa Lualaba. Marumaru ile ilikuwa ikigeuka manjano kwa moshi wa viwanda. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya India iliamuru viwanda karibu 300 vya eneo hilo vitumie gesi au vihame, na leo eneo la kilomita za mraba 10,400 kuzunguka Taj lina sheria zake za hewa. Viwanda vilihama ili kaburi libaki jeupe. Nilifikiria Kasulo, mtaa wetu wa hapa Kolwezi, ambako madini yalipoonekana chini ya nyumba mwaka 2014 watu walianza kuchimba sebuleni, kisha mwaka 2017 familia ndizo zilizohamishwa. Sikumwambia yaya. Hakuja kwa ajili hiyo.

Kwenye karakana moja njiani kurudi, mafundi walikuwa wakipachika vipande vya mawe ya rangi ndani ya marumaru, kazi ile ile iliyopamba Taj. Muuzaji alitwaa kijiwe cha kijani chenye mistari na kuanza kutueleza jinsi kilivyo adimu na jinsi kinavyotoka mbali sana. Ilikuwa malakiti. Yaya alikitambua kabla yangu, akaanza kucheka, akacheka hadi akashika kifua na mimi nikaogopa. Kule kwetu watoto wanaokota malakiti pembeni ya barabara. Tulijaribu kumweleza muuzaji, kwa Kiingereza changu cha shule na mikono, kwamba tunatoka huko mbali sana.

Alitushushia bei. Yaya alinunua kisahani kidogo chenye ua la malakiti katikati, kwa pesa ya chakula cha Jumamosi jioni. Kipo salon kwake, chini ya mahali kalenda ya papa ilipokuwa, na mgeni akiuliza anamwambia kwamba alilikuta jiwe la Kolwezi India akalirudisha nyumbani.